Harufu ya Kalamu, Kimya cha Dhahabu

Watu wanaopenda kalamu za wino wana tabia moja inayomshangaza mgeni: kabla ya kuandika, wananusa. Wanafungua kifuniko, wanakipeleka puani, wanavuta hewa, kisha wanatoa hukumu. Hii ni ebonaiti. Hii ni seluloidi. Hii imeanza kuoza, usiiweke karibu na nyingine. Na mara nyingi wanapatia, kwa sababu kila kitu kilichotumika kutengeneza kalamu kina namna yake ya kueleza kilikotoka, na pua ni mojawapo ya njia za kukisikiliza.

Swali langu linatoka kwenye tabia hiyo. Kama harufu ni aina ya ushahidi, tufanye nini na kitu kisichonuka?

Tuanze na vinavyonuka. Ebonaiti ni mpira mgumu. Utomvu wa mti wa mpira huchanganywa na salfa nyingi, wakati mwingine karibu theluthi ya uzito wote, kisha hupikwa kwa saa kadhaa mpaka kitu kilichokuwa kikivutika kinakuwa kigumu kama pembe. Ufundi huu uliletwa na familia ya Goodyear ya Marekani katikati ya karne ya 19, na kalamu za L. E. Waterman, aliyepata hataza yake mwaka 1884, zilitengenezwa kwa mpira huo. Sugua kifuniko cha ebonaiti kwa kidole gumba mpaka kipate joto, utasikia salfa, kama njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Kiache juani miaka mingi, weusi wake utageuka kuwa kahawia yenye ukijani. Mpira hausahau kilichoupika.

Baada ya ebonaiti ikaja seluloidi. Hii ni pamba iliyotiwa asidi, ikalainishwa kwa kafuri. Ndiyo maana kalamu ya seluloidi ya miaka ya 1930 bado inanuka kafuri ukiifungua leo. Kwa mtu wa pwani harufu hiyo haihitaji maelezo. Kiswahili kiliipa kafuri jina la karafuu maiti kwa sababu ndiyo inayotumika wakati wa kuosha na kumwandaa maiti. Seluloidi ikizeeka vibaya, kafuri hupungua na harufu ya asidi hutokea. Hapo mwenye kalamu anajua kwamba mwili wa kalamu umeanza kujila wenyewe.

Kisha kaseini, plastiki iliyotengenezwa kwa protini ya maziwa na kukazwa kwa fomalini. Kampuni ya Conway Stewart ya Uingereza ilitengeneza kalamu nyingi za namna hii, zenye rangi za kupendeza. Kaseini haipendi maji. Ukiiloweka inavimba, na kipande chake kikiungua kinanuka maziwa yaliyoungulia sufuriani. Mwisho ni wino wenyewe. Wino wa kale ulikuwa tanini, chumvi ya chuma na gundi inayotoka kwenye miti ya jamii ya migunga. Viwanda viliongeza fenoli ili usiote ukungu, na ndiyo sababu wino mwingi wa zamani unanuka kama wodi iliyotoka kupigwa deki.

Mtu wa Shinyanga akisoma orodha hiyo anaweza kucheka. Pamba, maziwa, gundi ya mgunga na, kama tutakavyoona, dhahabu: ni kama mtu alikwenda mnadani akarudi na kalamu. Sisemi kwamba pamba ya kwetu iliishia kwenye kalamu ya Mwingereza. Hilo haliwezi kuthibitishwa kwa pua. Nasema kwamba vitu hivi si vigeni. Aliyekulia karibu na jineri anajua harufu ya mbegu za pamba zenye mafuta na vumbi linalokaba koo. Aliyekunywa maziwa kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa anajua kwamba moshi ulipita humo kabla ya maziwa. Tumezoea kuamini kwamba kitu cha kweli kina harufu, na kwamba harufu hiyo ni historia yake kwa ufupi.

Sasa tazama nibu. Kalamu ninayoandikia ina nibu iliyogongwa alama ya 585. Maana yake ni kwamba sehemu 585 kati ya 1,000 ni dhahabu. Zilizobaki ni metali nyingine zilizotiwa ili isiwe laini mno. Dhahabu haikuchaguliwa kwa urembo tu. Wino wa kale ulikuwa na asidi, na asidi ilikula nibu za chuma. Dhahabu haikuliwa. Haishiki kutu, haibadiliki rangi, haiungani kirahisi na kitu chochote kinachoigusa. Kwa sababu hiyohiyo haina harufu, maana ili pua isikie kitu, lazima chembe zake zitoke zipande hewani, na dhahabu haitoi chochote.

Kwenye ncha kabisa ya nibu, pale inapogusa karatasi, hubandikwa punje ya metali ngumu zaidi. Zamani punje hiyo ilikuwa mchanganyiko wa asili wa osmiamu na iridiamu, metali mbili zilizotambuliwa na Smithson Tennant huko London mwaka 1803. Osmiamu ilipewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya harufu, kwa kuwa oksidi yake ina harufu kali na ni sumu. Kwa hiyo katika nibu moja ya zamani kulikuwa na metali iliyoitwa kwa harufu yake, imeshikwa na metali isiyonuka kabisa.

Kutonuka huku tumekupa jina la heshima: usafi. Tunasema dhahabu safi. Tunaifananisha na moyo wa mtu mwema, tunaivaa siku ya ndoa. Kuna kisa cha kale cha mfalme Vespasian wa Roma, aliyetoza ushuru mkojo uliokusanywa vyooni kwa matumizi ya viwanda. Mwanawe Titus alipolalamika, mfalme alimpelekea puani sarafu ya ushuru huo akamuuliza kama inamkera. Kijana akajibu hapana. Kisa hiki husimuliwa kama mzaha, na wengi hucheka upande wa baba. Lakini fikiria alichothibitisha Vespasian. Hakuthibitisha kwamba fedha ilitoka mahali pasafi. Alithibitisha kwamba metali haitunzi kumbukumbu ya mahali ilikopita, kisha akaufanya usahaulifu wa metali kuwa ruhusa ya mtu.

Huo ndio mzaha ambao ukanda wa Geita hauwezi kuucheka. Dhahabu ya huko hutoka kwa njia mbili kuu. Ipo migodi mikubwa, kama ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, Kahama, ambako dhahabu hutenganishwa na mwamba kwa mitambo na kwa sayanaidi. Na wapo wachimbaji wadogo, ambao kazi yao huanza kwenye duara, huendelea kwenye karasha linalosaga mawe kuwa unga, kisha kwenye mwalo ambako unga ule huoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa kitambaa ili kilicho kizito kibaki. Kinachobaki hutiwa kwenye karai pamoja na zebaki. Zebaki huishika dhahabu, huacha mchanga. Mchanganyiko hukamuliwa kwenye kitambaa, hutoka donge la rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa motoni. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki.

Simama karibu na moto huo uulize pua yako. Itakuambia mkaa. Itakuambia dizeli ya karasha na tope la mwaloni, labda na chapati za mama lishe jirani. Kuhusu mvuke wa zebaki haitakuambia lolote, kwa sababu mvuke huo hauna harufu. Unaingia mapafuni kimya na unafika kwenye damu na ubongo. Haukoozeshi kwanza kama moshi wa kuni, kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kusogea kando. Wengine huchomea uani, hatua chache kutoka mahali watoto wanapocheza, na si kwa ukatili: uani ndipo penye usalama wa mali. Ugonjwa wake nao unafanana na mambo ya kawaida. Kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu, kusahau, mikono kutetemeka. Nani hana hata kimoja kati ya hivyo?

Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, watafiti walipima afya za watu wa Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji huko Geita, na kuwalinganisha na watu wa Katoro, ambao hawakuwa wakifanya kazi hiyo. Walichukua damu, mkojo na nywele. Walioonekana kuathirika zaidi walikuwa wachomaji wenyewe. Lakini katika vipimo hivyo kuna kimoja ambacho mtu anayependa kalamu hawezi kukipita haraka. Mpimwaji hupewa penseli na karatasi, akaambiwa agonge nukta nyingi awezavyo kwa sekunde kumi. Kisha nukta zinahesabiwa. Zebaki ikiwa imefika kwenye neva, mkono hupungua kasi, na upungufu huo unaonekana pale kwenye karatasi.

Kwa hiyo metali inayofanya nibu yangu iteleze vizuri inaweza kutolewa kwenye mwamba kwa njia inayomfanya mtu mwingine ashindwe kuongoza penseli. Pua haikuona hilo. Karatasi iliona.

Najua majibu yanayoweza kutolewa, na mengine yana uzito. La kwanza ni la kiasi. Nibu nyingi zina dhahabu isiyofika gramu moja, wakati dunia huchimba zaidi ya tani 3,000 kila mwaka kwa ajili ya vito, akiba za benki na vifaa vya kielektroniki. Kwa nini kumwandama mwenye kalamu? Ni kweli fungu langu ni dogo. Lakini aliyeinama juu ya moto hapumui kwa mafungu. Udogo wa mchango wangu unanipunguzia kiburi cha kudhani naweza kuukomesha mfumo. Haumpunguzii yeye mvuke.

La pili ni zito zaidi. Uchimbaji mdogo unalisha watu. Katika ukanda huu umejenga nyumba za matofali ya kuchoma, umelipa ada, umenunua ng'ombe wa mahari. Anayekaa mbali na kusema dhahabu isinunuliwe anahubiri juu ya sahani ya mtu mwingine. Nakubali. Kususia kungemwachia mchomaji mapafu yaleyale na mfuko mtupu. Asiyejua tofauti kati ya kulaani kazi na kulaani namna kazi inavyofanywa hajawahi kuishi karibu na kazi.

La tatu ndilo linalonisumbua: huwezi kujua. Dhahabu ya nibu yangu huenda ilitoka kwenye mtambo usiotumia zebaki hata tone. Huenda iliwahi kuwa bangili ya bibi wa mtu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na dhahabu yake ilishayeyushwa pamoja na ya dunia nzima. Hakuna jicho wala pua inayoweza kuitenga tena. Siwezi kusema nibu hii ilimdhuru mtu. Siwezi pia kusema haikumdhuru. Na hapo wengi tunatua mzigo, kana kwamba kutojua ni sawa na kutohusika.

Nadhani kosa liko kwenye kuchanganya hatia na wajibu. Hatia inahitaji ushahidi wa tendo: nani, lini, wapi. Kwa kitu kisicho na kumbukumbu kama dhahabu, ushahidi huo hautapatikana, na ni haki mtu asihukumiwe bila ushahidi. Wajibu hauhitaji kiasi hicho. Ukishajua kwamba kitu unachokishika hakiwezi kujieleza, na kwamba ukimya wake unaweza kuwa umefunika madhara, basi kuuliza ni kazi yako, maana chenyewe hakitasema. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema mshindo huo utajileta wenyewe masikioni.

Mtu atauliza: kuuliza kunasaidia nini mbele ya kitu kisichonuka? Jibu liko jikoni kwako. Gesi ya kupikia kwenye mtungi kwa asili karibu haina harufu. Ule uvundo unaousikia bomba likivuja umetiwa makusudi kiwandani. Desturi hiyo iligeuka kuwa sheria kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi isiyonuka ilivuja chini ya shule, ikalipuka, ikaua karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba gesi lazima inuke. Jambo la kutafakari ni hili: gesi haikubadilika kuwa ya hatari siku ile, ilikuwa ya hatari tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba watu walikataa kuiachia kimya chake. Walichukua kitu kisichojisema wakakitia sauti.

Zebaki iliyo motoni huwezi kuitia uvundo. Dhahabu iliyoyeyushwa huwezi kuitia kumbukumbu. Kwa vitu vya namna hiyo harufu pekee inayoweza kuongezwa ni maandishi. Na hapa inanibidi nirudi kwenye ebonaiti, niliyoisifu kwa kutosahau. Nilisema mpira hausahau salfa. Sikusema kwamba unawakumbuka watu. Katika miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne ya 20, mpira mwingi wa mwituni ulitoka Kongo, wakati huo mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambako wanavijiji walilazimishwa kuukusanya kwa viboko, kwa mateka na kwa kukatwa mikono. Nusa kifuniko cha ebonaiti cha enzi hizo: utasikia salfa tu.

Aliyesaidia kuufichua uovu ule alikuwa karani. Edmund Morel alifanya kazi katika kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, na kazi yake ilimpeleka bandarini Antwerp. Alipotazama hesabu aliona meli zikija zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zikirudi Kongo na bunduki na risasi, bila bidhaa za kutosha kulipia kilichochukuliwa. Akahitimisha kwamba watu wale hawalipwi, na kwamba palipo na kazi isiyolipwa na risasi nyingi pana utumwa. Aliacha kazi akaandika kwa miaka, wengine wakaleta ushahidi wa macho, na mwaka 1908 Leopold akaachishwa milki yake. Yote yalianza kwa mtu aliyesoma safu mbili za tarakimu na kuona haziendani.

Kwa hiyo hata vitu vinavyonuka vinatuambia kemia yake tu. Habari za watu haziji puani. Zinakuja kwenye daftari, au haziji kabisa.

Ukanda wa dhahabu sasa una madaftari mengi kuliko zamani. Mwaka 2019 masoko ya madini yalianza kufunguliwa, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, ili dhahabu ya wachimbaji wadogo ipimwe, ilipiwe mrabaha na isitoroshwe. Hilo ni jambo jema, lakini ni swali la uzito wa donge. Swali la pumzi ya aliyelichoma ni jingine. Tanzania pia imo katika Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kupewa jina la mji ambao watu wake walikula samaki wenye zebaki ya kiwandani bila kuona, kuonja wala kunusa chochote. Mkataba unadai nchi zenye uchimbaji mdogo wa kutumia zebaki ziandae mpango wa kuipunguza. Na kifaa cha kuanzia si cha ajabu: retoti, chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hukamata mvuke, hukipoza na kurudisha zebaki chomboni badala ya kuiacha iingie mapafuni. Fundi anayejua kuchomelea anaweza kukitengeneza.

Kinachokosekana ni uvundo: kitu kitakachomfanya mtu ageuke. Mnunuzi wa pete anaweza kumuuliza sonara dhahabu hii ilichomwaje, kama anavyouliza ni karati ngapi. Sonara huenda asijue leo. Akiulizwa na watu hamsini, atamuuliza broka wake, na broka anayeulizwa na masonara kumi atakuwa na sababu ya kutofautisha donge la retoti na donge la uani. Muuguzi wa zahanati anapojaza daftari la wagonjwa, mahali pa kazi, anaweza kuandika mchomaji wa zebaki badala ya mjasiriamali. Ni maneno matatu tu, lakini yakijirudia kwenye kurasa, pembeni ya kutetemeka, kukosa usingizi na mimba zilizoharibika, mtu mmoja atayasoma kwa jicho la karani wa Antwerp.

Kazi hiyo haihitaji nibu ya dhahabu. Peni ya Bic inatosha, ile isiyo na harufu ya maana na ambayo hakuna anayeinusa.